Kidonge cha Tumbo Tupu

Watu wa Ujiji wanapenda salamu, na ya asubuhi inaanza na kulala. Habari za kulala? Kwa miaka mitatu niliichukia salamu hiyo kuliko matusi. Mtu mzima, kanga kiunoni, ndoo kichwani, anakuuliza kwa nia njema kabisa habari za kitu ambacho hukukifanya. Ukisema nzuri, umeanza siku kwa uongo hata uso hujanawa. Ukisema sikulala, anashusha ndoo, anashika kiuno, na hapo utapewa dawa saba na jina la mganga mmoja wa Kasingirima. Kwa hiyo nikawa nadanganya tu. Nzuri, alhamdulillahi, sijui zako.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona barazani kwa mama yangu, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoiacha baba, na nilirudi hapo ndoa yangu ya Katubuka ilipokwisha. Ugonjwa ulianza kwa sauti kukwaruza. Nikadhani ni vumbi la vitambaa. Kisha nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Kisha baridi: jua la Kigoma linapasua kichwa, watu wanajipepea kwa maboksi, mimi nimekaa kwenye cherehani na sweta nyeusi ya kiume. Mwili ukanenepa na chakula hakipandi. Na uchovu, jamani, uchovu ule sijui niuelezeje. Naamka nimechoka, nakaa nimechoka, natunga uzi kwenye sindano nimechoka, hata kuitikia shikamoo ya mtoto naona kazi. Halafu pamoja na uchovu wote huo, usiku macho makavu. Nalala saa nne, saa sita niko macho, na ndiyo basi mpaka adhana ya alfajiri. Nilikuwa nalia kwa hasira, simlilii mtu, naulilia mwili wangu.

Shingo ilipovimba kidogo kwa mbele, mtaa mzima ukasomea udaktari. Hilo ni rovu, huli chumvi. Mimi, mtu wa mkoa huu, ambako chumvi inachemshwa hapo Uvinza tu! Jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa, aliniletea mfuko mzima.

"Nile hivihivi kama ng'ombe?" nikamuuliza.

"Kula, mwaya. Ng'ombe wanalala."

Hospitali walinitoa damu, ikasafirishwa nje ya mkoa kupimwa, na majibu yalichukua wiki tatu kurudi. Daktari akaniambia chumvi haihusiki kabisa, na niache kuibwia. Kinga ya mwili wangu yenyewe ndiyo inayoipiga tezi ya shingoni, yaani mlinzi niliyemweka getini ndiye anayenivunjia mlango. Haiponi, lakini inatulizwa. Nitakunywa kidonge kila siku ya Mungu mpaka nife. Nikamuuliza na usingizi je? Akajikuna kidevu. Wagonjwa wengi wa namna yangu wanalala sana, akasema, wachache ndio hawalali. Tuiweke sawa tezi kwanza, hayo mengine tutaona.

Kidonge chenyewe ni kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga, lakini kina madaha. Hakitaki chai, hakitaki maziwa, hakitaki kuchanganywa na chochote. Unaamka, unakimeza kwa maji matupu tumbo likiwa halina kitu, unakaa saa nzima unakodoa macho, ndipo ule. Nilikifuata hivyo, nikapata nafuu ya nusu. Sauti ilirudi, sweta nikaitundika. Usingizi haukurudi.

Sasa mama. Mama yangu ana sukari, na ana kichwa kigumu, na sijui kipi kilianza. Ni Muha wa milimani, akaolewa Ujiji akiwa msichana, akaikuta funga hapa mjini na kuishika kuliko waliozaliwa nayo. Daktari wa sukari alimwambia asifunge. Shehe wa mtaani akamwambia ana udhuru, alishe maskini, Mungu anajua. Mama aliwasikiliza wote wawili kwa adabu, akasema ego, yaani ndiyo, akafunga.

Tuligombana Rajabu nzima. Mwishowe tukapatana hivi: atafunga, ila daku ni lazima, tena chakula cha kushiba, mwisho kabisa wa usiku, kisha juu yake kidonge chake cha sukari. Siku ambayo hakula daku, hafungi. Na dhamana nikapewa mimi.

"Wewe si hulali, mwana wanje?" akasema, yaani mwanangu kwa Kiha chao. "Basi utaniamsha. Angalau huo ugonjwa wako utufae."

Haikuwa mzaha, ingawa tulicheka. Kile kidonge cha sukari kikiingia tumboni bila chakula, sukari yake inashuka, na mwanamke wa umri wake ikimshuka akiwa peke yake anaweza asiamke tena. Daktari alinieleza hivyo kwa maneno hayohayo, akinitazama mimi na si yeye.

Alianza mwezi wa Shaabani, kulipa siku alizokula mwaka uliotangulia alipokuwa amelazwa, na mimi nikafunga naye. Saa kumi kasoro naingia chumbani kwake, namtikisa kidole gumba cha mguu, anaamka. Wali na maharage ya mawese, chai ya maziwa ya moto. Nikitaka kuondoka ananivuta kanga. "Nile peke yangu gizani kama mchawi? Kaa." Nakaa, nakula, nakunywa chai, ananisimulia habari za kwao milimani ambazo nimezisikia mara mia. Na kwa sababu mchana hakuna maji, kidonge changu nikakihamishia hapo hapo kwenye daku. Nakisukuma na chai ya maziwa. Nilijiona mjanja. Na nikiri, zile zilikuwa karibu siku nzuri. Kukesha kwangu kulikuwa kumepata kazi.

Shaabani inakwisha, sweta nimeivaa tena. Sauti imekuwa ya chura. Nikamkatia mteja gauni la sikukuu mikono mifupi wakati alitaka mirefu, na aliponiuliza nikamgombeza yeye. Usiku hata zile saa mbili za mwanzo zikapotea. Ramadhani ilipoanza nilikuwa nashika ukuta nikienda chooni. Siku ya nne jirani akanisukuma nikarudi hospitali.

"Kidonge unakunywa saa ngapi?" daktari akauliza.

"Na daku."

"Pamoja na nini?"

"Chai ya maziwa."

Akaweka kalamu mezani. "Mama, hicho hujakinywa. Umekitupa chooni, kimoja kimoja, mwezi mzima." Akanipangia upya: nifuturu mapema, nikae bila kula, nikimeze saa tano za usiku kwa maji matupu. Na chai ya rangi kali niliyokuwa naigugumia usiku ili nipate nguvu, niiache, maana ndiyo hiyo hiyo inayonikodoa macho. Niliondoka pale nimekasirika, kwa kuwa alisema kweli.

Nilifika nyumbani nikiisema habari hiyo kuanzia mlangoni. Nilimwambia jirani, nikamwambia muuza migebuka, wale samaki wa ziwani, nikamwambia mama aliyekuwa anachambua maharage. Kumbe kidonge kinataka tumbo tupu! Ukikichanganya na chakula hakifanyi kazi hata kidogo, unakitupa, na wewe unajiona unakunywa dawa. Nadhani niliisema mara kumi siku ile, kwa kelele za mtu aliyegundua jambo. Mama akatikisa ungo, akasema ego.

Siku zikaenda. Sijui kama ni kidonge, au ni chai niliyoiacha, au mwili ulichoka tu kupigana. Kumi la mwisho lilipoingia nikaanza kupata vipande. Saa mbili mfululizo. Siku nyingine tatu, kisha naamka mwenyewe kwa wakati wa daku. Kazi ilikuwa imenifika shingoni, magauni ya Idi yamejaa kitandani mpaka nikawa nalala pembeni, na mimi nalala! Mama alikuwa ananiuliza, usiku ulipata? Nikimwambia nilipata saa tatu, anashukuru utadhani ni yeye aliyezipata.

Usiku wenyewe ulikuwa kama mwingine. Daku niliipika mapema, wali na maharage, nikausawazisha wali kwa mgongo wa mwiko, nikafunika sufuria na kuifungia kwenye kabati la vyombo chumbani kwangu, maana paka wa pale Ujiji wanafunua vifuniko. Kabati hilo mlango wake ni bati, haufunguki bila kupiga kelele. Saa tano nikanywa kidonge. Nikajilaza.

Niliamshwa na jua.

Lilikuwa limeingia mpaka kwenye chandarua. Nje watoto wanapigana, bodaboda zinapita, mtu anaita dagaa, dagaa. Nikabaki nimelala chali, sielewi. Mto ulikuwa umelowa udenda. Udenda! Niliugusa kwa kidole nikacheka peke yangu. Mwili ulikuwa mzito kwa namna nyingine, uzito mtamu, kama wa mtoto aliyebebwa mgongoni. Macho hayachomi. Nikasikia njaa, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau. Nilikaa hivyo dakika nzima, labda mbili, nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani.

Ndipo nikamkumbuka mama.

Niliruka na upande mmoja wa kanga. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, ameshaoga, ameshavaa, tasbihi mkononi.

"Mama, umekula?"

"Kidonge nimekunywa, mwana wanje."

"Daku, mama. Umekula daku?"

"Usiwe na wasiwasi. Nenda kashone, watu wanataka nguo zao."

Ni hapa. Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi kuliko nilivyozungusha gurudumu la cherehani. Mama yangu hasemi uongo akiwa amefunga, hata ule mdogo, na mimi nilisikia vizuri kwamba hakunijibu. Sufuria ilikuwa chumbani kwangu. Kabati lile lingepiga kelele ningeamka. Ilikuwa ni kurudi hatua nane, kufunua kifuniko, kutazama. Na kama wali uko vilevile, basi nimfunguze, na mama hafunguzwi bila vita, angelia, ningepiga kelele, na ule utamu niliokuwa nao mwilini ungemwagika wote. Sikutaka umwagike. Miaka mitatu niliungoja. Nikasema haya, mama, nikaenda kuoga.

Siku ile nilishona kama mtu aliyekopeshwa mikono. Kufika adhuhuri magauni matatu yamekwisha, mpaka na vifungo. Nilikuwa naimba. Jirani alisimama na fagio lake akanitazama.

"Leo vipi, umeposwa?"

"Nimelala."

"Na nani?"

"Astaghfirullah! Wewe si umefunga?"

Tulicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mama yuko ndani, na kila nilipopita dirishani nilimsikia anavuta uradi, nikasema moyoni unaona, mzima. Nilipita mara kadhaa zaidi ya nilivyohitaji. Hilo pia nalijua.

Adhana ya alasiri ilipotoka hakuniita nimpe maji ya kutawadha. Nikamaliza mshono niliokuwa nao. Kisha nikasikia anaongea Kiha, haraka haraka, na mtu. Nikaingia. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, kanga imeloa jasho mpaka inang'ang'ania, na akili yake haipo. Akanitazama akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Akaniuliza kama mbuzi wameingia.

Nilipiga yowe. Jirani alikuja mbio na kikombe cha maji na sukari, akikoroga kwa kidole. Nikampelekea mama mdomoni. Akafunga meno.

"Nimefunga," akasema.

Hanijui mimi mtoto wake wa kumzaa, lakini anajua amefunga. Nikamsihi, akageuza uso. Basi nilimkamata taya kama mtu anayenywesha mbuzi dawa, nikammiminia, akatema, nikammiminia tena. "Kunywa! Kunywa nimesema!" Sijawahi kumpandishia sauti mama yangu, na siku hiyo nilimkaripia mpaka watu wakasimama mlangoni. Mengine yakaingia, mengine yakamwagika kifuani.

"Daku alikula nini?" jirani akaniuliza.

Nikaendelea kummiminia mama. Akaenda mwenyewe chumbani kwangu. Kabati likapiga kelele, akarudi na sufuria. Wali ulikuwa vilevile, na alama za mgongo wa mwiko juu yake. Aliiweka sakafuni, akatoka kutafuta bajaji.

Hospitali walimwekea dripu. Magharibi ilipofika akili ilikuwa imerudi, ananijua, anauliza nani amefunga mlango wa nyumba. Nilivuta stuli nikakaa karibu.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Nilikuja mpaka mlangoni kwako. Ulikuwa unakoroma."

"Ungeniamsha, mama!"

"Miaka mitatu nakusikia unavyogeukageuka humo ndani. Leo Mungu kakupa, unakoroma, nikuamshe kwa ajili ya wali?" Alisema polepole, ulimi bado mzito. "Nikasema nitavumilia tu. Kufunga nimekuzoea."

"Basi na kidonge ungekiacha! Umemezaje kidonge cha sukari bila chakula?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ulisema kidonge kinataka tumbo tupu? Kwamba ukikichanganya na chakula unakitupa? Nikaona hata bora, siku hiyo kitafanya kazi."

Vidonge viwili ndani ya nyumba moja, changu hakitaki chakula, chake hakiendi bila chakula, na mimi niliyetangaza mpaka kwa muuza migebuka sikupata nafasi ya kumweleza mama yangu tofauti. Halafu akanishika mkono akaniomba radhi. "Nisamehe, mwana wanje, nimekutia hofu." Na mimi, Mungu ananiona, niliipokea radhi ile. Nilisema haya, yameisha, usifanye tena. Lile la asubuhi nikalimeza.

Daktari alipita akasema habari ya kufunga imekwisha, mwaka huu na miaka yote ijayo. Mama hakubisha. Aligeukia ukutani tu.

Nilitandika mkeka chini, kati ya kitanda chake na cha mwenzake. Nesi akaniambia nimwangalie, akianza kutoka jasho niite. "Usihofu, dada," nikamwambia, "mimi usiku huwa silali." Nilikuwa na uhakika. Kama kuna usiku ambao dhamiri ingenikalisha macho, ni huo.

Nililala fofofo. Nilishtuka kumeshakucha, taa zimezimwa, na nesi yuko juu yangu na kile kifaa chake cha kupimia sukari.

"Wewe ndiye usiyelala?" akasema, wala hakuwa na hasira. "Saa nane nilitaka kukutikisa usogee nipite. Huyu mama akanishika mkono. Eti nizunguke upande wa dirishani. Tumezunguka usiku kucha. Na yeye mwenyewe hakupata hata lepe."

Nikainua kichwa. Mama alikuwa amelala ubavu, ukingoni kabisa mwa kitanda, ananitazama kutoka juu. Macho yake yalikuwa mekundu kama yalivyokuwa yangu miaka yote ile. Nilingoja nesi aondoke. Nikapiga magoti pale kwenye mkeka.

"Mama, jana asubuhi nilijua. Nilijua hukula."

"Najua," akasema. "Niliona hukwenda kufunua sufuria."

Niliweka uso kwenye shuka lake nikalia kwa sauti, mpaka wa kitanda cha pili akauliza kama kuna msiba. Mama aliniacha nilie. Kisha akaniambia nimwinue akae, uji umekuja. Nikamweka mto mgongoni, nikamshikia kikombe, maana mkono mmoja ulikuwa na sindano. Alijifunika kanga kichwani ili watu wasimwone anakula mchana wa Ramadhani, akanywa humo ndani kidogo kidogo, mpaka kikaisha.